Safari ya tanga ya siku nzima Pwani: kikundi cha Nairobi kichague vipi

Kikundi cha WhatsApp kikianza kupanga safari ya baharini, kwa kawaida mazungumzo huanzia kwenye bango: picha ya jahazi, bei kwa kila mtu, nambari ya simu. Tarehe huja baadaye, ikitafutwa kwenye kalenda ya sikukuu. Huko ni kuvaa shati kinyume. Baharini tarehe ndiyo inayoamua kama mtaona samaki au maji ya tope, kama tanga litapandishwa au mtasukumwa na injini kutwa, na kama nusu ya kikundi itashinda ikitapika. Anzeni na upepo, halafu kujaa na kupwa kwa maji, halafu sehemu ya pwani, halafu chombo. Bei ije mwisho.

Upepo na sikukuu zetu

Pwani ya Kenya ina pepo mbili kuu. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi: bahari tulivu zaidi, maji safi, joto kali. Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba, na makali yake ni Juni, Julai na Agosti. Kati ya pepo hizo kuna maleleji, siku ambazo upepo unalegea na kugeuka, na tanga linaweza kuning'inia tu kama nguo kwenye kamba.

Sasa ziwekeni sikukuu juu ya kalenda hiyo. Jamhuri na Krismasi huangukia mwanzo wa kaskazi. Bahari ni nzuri, ila vyombo vimejaa na kila kitu kimepanda bei. Mwisho wa Januari hadi katikati ya Machi ndio wakati bora kabisa, lakini watoto wako shuleni, kwa hiyo unawafaa watu wa ofisi na vyama. Pasaka ya mapema, mwisho wa Machi, huwa salama; ikichelewa hadi katikati ya Aprili, mnacheza kamari na masika. Madaraka, tarehe 1 Juni, ndiyo sikukuu mbaya zaidi kwa safari ya nje ya mwamba wa matumbawe unaokinga ufuo: kusi imeshika kasi, mito imemwaga tope baharini, na baadhi ya wenye vyombo hawatoki kabisa. Agosti upepo bado ni mkali, ila ndipo nyangumi wanapopita pwani yetu, kati ya Julai na Septemba, kwa hiyo mwenye tumbo gumu ana sababu ya kwenda. Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, haisifiwi inavyostahili. Kusi imechoka, maji yameanza kung'aa, mvua za vuli mara nyingi hazijakolea, na umati wa Desemba bado uko Nairobi.

Siku tatu au nne kabla ya safari, fungueni programu ya hali ya hewa na mtafute kasi ya upepo mahali mnapokwenda, si Mombasa tu. Chini ya kilomita 20 kwa saa, bahari imelala. Kati ya 20 na 28 ndio upepo wa tanga hasa. Kuanzia 28 hadi 37, walio mbele watalowa na wageni wa bahari wataumwa. Ukizidi hapo, au mawimbi ya nje ya mwamba yakitabiriwa kupita mita 2, badilisheni mpango. Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa baharini. Ikitolewa, hakuna mjadala.

Maji ya bamvua na maji mafu

Jambo hili watu wa bara hulisahau, na ndilo linaloharibu safari nyingi kuliko mvua. Pwani yetu maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku moja mbili baada ya hapo, ni bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na kupwa yaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na tofauti ni ndogo.

Siku za bamvua, eneo la Mombasa na jirani zake, maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi na hujaa karibu saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa asubuhi, hupwa alasiri. Kila siku nyakati husogea mbele kwa karibu dakika 50. Jedwali la Mombasa linapatikana mtandaoni bure. Lisomeni kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Mnachotaka kufanya ndicho kinachoamua mchague maji gani. Mkitaka kushuka kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari, kama yale ya Diani na Mayungu karibu na Watamu, tafuteni bamvua, kwa sababu siku za maji mafu fungu laweza lisitokeze vya kutosha. Mtalipia picha za watu waliosimama ndani ya maji ya magoti. Mkitaka kuogelea juu ya matumbawe na kuona samaki, maji mafu ni bora: mkondo ni dhaifu, mchanga hautibuliwi, na asiyejua kuogelea vizuri hachukuliwi na maji. Mkitaka kuingia kwenye mikoko, iwe hori ya Mida au njia ya maji ya kwenda magofu ya Takwa kisiwani Manda, lazima mfike maji yakiwa yamejaa na mtoke kabla hayajatoka. Chombo kikikwama kwenye tope la mikoko, mtakaa hapo na mbu hadi maji yarudi.

Bango linaloahidi fungu la mchanga kila Jumamosi saa nne asubuhi, mwaka mzima, limeandikwa na mtu anayeuza tiketi. Nahodha hatawaambia hivyo.

Kila sehemu na tabia yake

Shimoni na Kisite ndiyo safari ya siku nzima iliyokamilika zaidi kwa kikundi kilichochanganyika. Mnaondoka Shimoni karibu saa tatu asubuhi, mnapita kisiwa cha Wasini, mnatafuta pomboo, mnaogelea mara mbili ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, iliyotangazwa mwaka 1978, kisha mnarudi Wasini kula na kufika bara saa tisa au saa kumi. Jambo moja la kujua mapema: Kisite iko kusini mwa Shimoni, kwa hiyo msimu wa kusi mnakwenda upepo ukiwapiga usoni. Chombo chenye tanga la pembe tatu hakipendi kupiga bisho, yaani kwenda kinyume na upepo kwa kukata kona, na nahodha mwenye ratiba atatumia injini kwenda na kupandisha tanga wakati wa kurudi. Hajawadanganya. Kosa ni la wakala aliyewaambia ni tanga mwanzo mwisho.

Watamu ni ya watu wanaotaka bahari karibu. Hifadhi za Watamu na Malindi zilitangazwa mwaka 1968, za kwanza za baharini nchini Kenya, na bustani za matumbawe ziko ndani ya mwamba, safari fupi tu kutoka ufukweni. Kwa familia yenye watoto wadogo na nyanya mmoja au wawili, tungeanzia hapa. Siku moja hugawanyika vizuri: matumbawe maji yakiwa ya wastani, na Mida yakijaa.

Kilifi ina mkono wa bahari uliokingwa. Kusi ikivuma hadi Watamu na Diani zimefunga, ndani ya Kilifi mashua bado inatembea. Matumbawe ya maana hamtaona. Mtapata tanga, mikoko na maji ya kuogelea.

Diani ina hoteli nyingi na vyombo vingi, lakini sehemu kubwa ya vinavyouzwa hapo ni safari za saa mbili au tatu ndani ya mwamba. Safari ya siku nzima mara nyingi ni gari linalowapeleka Shimoni, mwendo wa karibu saa moja. Ulizeni wazi mnapandia wapi.

Lamu ni habari nyingine. Huko tanga si pambo. Watu wamekulia ndani yake, na majahazi na mashua bado yanaundwa Matondoni. Siku nzima hadi Manda Toto, samaki wa kuchomwa ufukweni, kurudi jioni na upepo: kwa anayetaka tanga lenyewe, hakuna pa kulinganisha. Gharama yake ni ndege, na inahitaji siku tatu za kulala, si wikendi ya kukimbizana.

Chombo chenyewe

Ngalawa, ule mtumbwi wenye mbao za pembeni, ni ya watu wachache na maji ya ndani ya mwamba. Mashua hubeba kikundi cha kawaida. Jahazi kubwa lina kivuli, jiko na mara nyingine choo, lakini ni zito, na upepo mdogo halisogei. Kuna pia boti ya faiba yenye kitambaa kilichofungwa kwenye mlingoti ili ipigwe picha. Ombeni video fupi ya chombo hicho hicho kikiwa chini ya tanga. Anayekuwa nacho huituma muda huo huo.

Mkifika, msipande kabla ya kutazama mambo machache. Ombeni kuona cheti cha Mamlaka ya Bahari, KMA, na idadi ya abiria iliyoandikwa. Hesabuni vichwa vyenu, na mwulize kama mabaharia wamo kwenye idadi hiyo. Inueni ubao wa sakafu mtazame ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika. Chombo cha mbao huvuja kidogo, hilo ni la kawaida, na baharia atafua maji kwa kopo mara moja moja. Kisicho cha kawaida ni maji yanayofika kwenye mbao za sakafu kabla safari haijaanza, au pampu isiyozimwa. Mara nyingi sababu ni kalafati, pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, iliyokauka baada ya chombo kukaa nchi kavu muda mrefu: mbao zimesinyaa na pamba imelegea. Chombo hicho kinahitaji siku majini ili mbao zivimbe. Abiria wangoje.

Injini moja na tanga zima, sawa. Injini moja bila tanga, nje ya mwamba, hapana. Mafuta yatoshe kwenda, kurudi, na akiba ya theluthi nzima. Redio ya baharini ni bora kuliko simu. Nahodha awe anajua chaneli ya dharura ni 16 bila kufikiri.

Halafu jaketi za kuokoa maisha. Zihesabiwe, si kuonyeshwa kwa kidole zikiwa zimefungwa kwenye rundo. Vuta kila kifungo. Bonyeza sifongo ya ndani. Ikivunjika kama mkate mkavu, jaketi hilo limekufa. Mtoto avae, afungwe, kisha mtu mzima amshike mabegani mwa jaketi na kumwinua kidogo: likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno na majini litamtoka. La mtoto mdogo liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Kwa sababu hii uzito wa watoto utajwe wakati wa kuagiza. Ufukweni tumechelewa.

Kuuliza na kulipa

Ujumbe mmoja wenye maswali yote hupata jibu bora kuliko maswali kumi kwa siku tano. Unaweza kuwa hivi:

"Habari za asubuhi nahodha. Sisi ni watu 14 kutoka Nairobi, wakiwemo watoto wawili wa kilo 20 na 28, na mama mmoja mwenye shida ya goti. Watu sita hawajui kuogelea. Tunafikiria Kisite Jumamosi ya tarehe 24. Tafadhali tuambie: siku hiyo maji yanapwa saa ngapi, chombo kina ruhusa ya watu wangapi, tunapandia kwenye gati au tunaingia majini, kuna choo, nani ataingia majini na wasiojua kuogelea, bei ina ada ya hifadhi au la, na upepo ukikataa pesa inarudi au tunahamisha tarehe? Asante sana."

Jibu la swali la kwanza linawapa kipimo. Nahodha atajibu hapo hapo, pengine na kuwashauri tarehe nyingine. Wakala asiyejua bahari atasema "hakuna matata, maji yako sawa."

Bei huja kwa namna mbili: kwa kila mtu katika chombo mnachochangia na wageni wengine, au chombo kizima. Fanyeni hesabu. Kwa mfano tu, si bei ya soko: kama kila mtu ni shilingi 6,500 na chombo kizima ni 78,000, mpaka ni watu 12. Mkiwa 14, kodini chombo, mpate na uhuru wa kuamua mnakaa wapi kwa muda gani. Mkiwa tisa, changieni. Hesabu hiyo ifanyike kwa watu waliolipa, maana kila kikundi cha Nairobi kina wale wa "niko in" ambao hupotea wiki ya mwisho.

Ada ya hifadhi mara nyingi iko nje ya bei. KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia hifadhi, hupokea kupitia eCitizen, si pesa mkononi, na bei ya raia inahitaji kitambulisho; beba cha kwako halisi. Lipeni kwenye lango la mtandao wenyewe usiku uliotangulia kama wakala hajaonyesha risiti. Amana itumwe kwa Till au Paybill, na jina linalotokea kwenye M-Pesa kabla ya kuweka PIN lilingane na jina la biashara. Likitokea jina la mtu binafsi msiyemjua, rudini nyuma. Salio lilipwe asubuhi, mkiwa mmekiona chombo.

Siku yenyewe

Msishuke kwenye basi la usiku mkapanda chombo asubuhi hiyo hiyo. Usingizi mbovu na tumbo lililotikiswa kutoka Mtito Andei ni nusu ya kichefuchefu. Fikeni siku moja kabla. Wanaoshuka SGR Miritini na kwenda Diani au Shimoni wana barabara ya Dongo Kundu, inayoingia Kwale bila kupanga foleni ya feri Likoni.

Anayeumwa na bahari ameze dawa muda wa saa mbili kabla ya kuondoka. Akishaanza kutapika, kidonge hakikai. Mjamzito au mwenye dawa nyingine aulize mfamasia kwanza. Asubuhi kula kidogo: mkate, ndizi, chai ya tangawizi. Mahamri na mbaazi yangoje kesho. Ndani ya chombo kaa katikati au kuelekea tezi, yaani nyuma, tazama upeo wa bahari, weka simu mfukoni. Omo, mbele ya chombo, ndiko kunakopanda na kushuka zaidi, na ndiko wanakokimbilia wapiga picha.

Miwani ya kuogelea hujaribiwa nchi kavu. Iweke usoni bila kuvuta mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mikono. Ikishika, ni yako. Ikianguka, chukua nyingine. Kinachoingiza maji mara nyingi si ubovu wa miwani, ni nywele: uzi mmoja wa rasta au kusuka ukipita chini ya mpira, maji yataingia kila dakika. Funga nywele zote nyuma kwa kitambaa. Masharubu manene nayo huvujisha. Mafuta kidogo ya mgando husaidia. Wasiojua kuogelea wabaki na jaketi na washike boya la duara linalovutwa na mwongozaji, watu wanne kwa boya moja wakizidi. Mtu asisimame juu ya matumbawe, kwa ajili yake na kwa ajili ya matumbawe: kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi inayovunjikia ndani ya nyayo.

Kila mtu abebe lita 2 za maji, kwenye chupa ya kujazwa tena, kwani tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa. Shati la mikono mirefu linakinga jua la mgongoni kuliko krimu inayooshwa na maji. Leso moja ni ya kukaushia mwili, ya kivuli, na ya kujisitiri mnaposhuka Wasini, ambacho ni kijiji cha Waislamu na si hoteli. Mwezi wa Ramadhan mabaharia wengi wamefunga. Safari zipo, ila ulizeni chakula kitakuwaje.

Pomboo hawaahidiwi na mtu. Nahodha mzuri akiwaona hupunguza mwendo, huenda sambamba nao, na hakati njia yao. Mkikuta vyombo vitano tayari vimewazunguka, mwombeni apite. Atashangaa, kisha atafurahi.

Na asubuhi nahodha akitazama bahari akasema leo hatutoki, msimwongezee pesa ili abadilishe maneno. Kama mko Shimoni, ingieni mapangoni kabla ya jua kupanda. Mlango wa maji kati ya Shimoni na Wasini ukiwa shwari na nahodha akikubali, vukeni mtembee kwenye daraja la mbao la akina mama juu ya mikoko, mle wali wa nazi na kaa huko huko. Jioni mkubaliane tarehe mpya, huku jedwali la maji likiwa wazi mezani.